Somo kwa Vikundi: Ni Nani Anayemjua Mtoto Huyu?

Masomo ya vikundi mara nyingi huwa ni ya maji, mbuzi wa maziwa na namna ya kuweka vitabu vya hesabu. Leo tunazungumza juu ya mtoto ambaye bado hajafika miaka mitatu. Wazee, tafadhali msikunje karatasi hii mkasema hayo ni ya akina mama. Mtoto huyu ndiye kijana ambaye mashtaka yake mtayasikiliza barazani miaka kumi na tano ijayo.

Jambo lenyewe ni hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 172,000 mjini Ongata Rongai, na zaidi ya 154,000 Kitengela. Wengi wamekuja kutafuta nyumba ya kodi nafuu karibu na Nairobi. Ukisimama kando ya barabara ya Magadi kabla jua halijachomoza, utawaona akina mama wakikimbilia matatu. Wa Kitengela nao wanaelekea viwanda vya Athi River au mashamba ya maua. Kabla ya kupanda gari, mama amepitia mahali akaacha mtoto: kwa jirani, kwa msichana wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto, au kwa ile nyumba ya kulea watoto mchana ambayo sisi wote tunaiita bebi kea. Atamchukua saa moja ya usiku. Hesabuni wenyewe: hizo ni saa kumi na tatu, siku sita kwa juma. Saa nyingi ambazo mtoto yuko macho anamwona huyo mlezi, siyo mama.

Hatumlaumu mama. Kodi ya nyumba hailipwi kwa kumkumbatia mtoto. Tunachouliza ni hiki: katika zile saa kumi na tatu, ni nani anayemjua mtoto huyu?

Boma na ploti

Kuna watakaosema zamani shida hii haikuwepo. Ni kweli kidogo, lakini tusiyapambe mambo. Katika boma la Kimaasai mama hakulea peke yake. Akienda kuteka maji au kutafuta kuni, palikuwa na nyanya, mke mwenza, shangazi na dada mkubwa. Mtoto alipita mikono mingi, lakini ilikuwa mikono ile ile kila siku. Hata leo Wamaasai wakisalimiana huulizana habari za watoto pamoja na za ng'ombe.

Lakini huyo dada mkubwa alikuwa msichana wa miaka saba, na siku aliyobeba mdogo wake mgongoni hakwenda shule. Msichana huyo bado yuko. Wakati wa kiangazi kirefu cha 2020 hadi 2023, mifugo ilipokufa kwa wingi Kajiado na wanaume wakahama na ng'ombe waliobaki, mama alitembea mbali kutafuta maji na mtoto akaachiwa mtoto mwenzake. Hapo wanaoumia ni wawili.

Mjini mikono yenyewe imepungua. Ploti moja ina nyumba ishirini na huenda usipate nyanya hata mmoja. Jirani wa mwezi huu siye wa mwezi ujao. Msichana wa kazi akikorofishana na mwenye nyumba juu ya mshahara, kesho yake anapanda gari kwenda kwao, na mtoto wa miezi kumi anaamka akute sura mpya. Mtoto mwingine hubadilishiwa walezi watano kabla hajaanza nasari. Kwetu sisi watu wazima ni msichana tu ameondoka. Kwa mtoto, ni kama mama mmoja amezikwa na hakuna aliyemwambia pole.

Yanayotendeka kichwani mwa mtoto

Mtoto akizaliwa, ubongo wake ni kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka mitatu umefikia karibu asilimia 80. Uji na maziwa ni lazima, hakuna ubishi, lakini ubongo hukua pia kwa kujibiwa. Mtoto anatoa sauti, mtu anamjibu. Ananyoosha kidole, mtu anatazama kile anachoonyesha na kukitaja jina: kuku huyo! Kila mara hivyo, njia inafunguka ndani ya kichwa. Ni kama njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Inayopitwa kila siku huwa pana, na isiyopitwa huota nyasi mpaka hutaijua ilikuwa wapi.

Hofu nayo ina njia yake. Mtu akishtuka, mwili humwaga kemikali za kumtayarisha kukimbia au kupigana, na moyo unapiga mbio. Mtoto akishtuka halafu akachukuliwa na mtu anayemjua, mwili hutulia, na polepole anajifunza kutulia hata mwenyewe. Akishtuka kila siku na hakuna anayekuja, mwili huzoea kukaa chonjo. Halafu miaka michache baadaye mwalimu anamwita mzazi: mtoto huyu hatulii, akiguswa kidogo tu anapiga wenzake. Nyumbani wanasema amerithi ukali wa babu yake. Huenda babu hana hatia kabisa. Mtoto alijifunza mapema kwamba hakuna wa kumtetea, basi anajitetea hata pale ambapo hajachokozwa.

Hatusemi kila mtoto mkorofi alilelewa vibaya. Kuna magonjwa, kuna masikio yasiyosikia vizuri, na kuna watoto waliozaliwa na moto wao. Lakini kabla ya kumwita mtoto mbaya, ni haki kuuliza alipokuwa mdogo alishikwa na nani.

Waliyoyaona majirani zetu wa Uganda

Mambo haya yanafundishwa vyuoni dunia nzima, na wengi hawajui kwamba jiwe moja la msingi lilichongwa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akafanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Akiwa na mkalimani, aliwatembelea akina mama 26 wa Kiganda vijijini, si mbali na Kampala, kila baada ya majuma mawili, kwa miezi mingi. Alikuwa akiwatazama watoto wao wachanga 28. Hakuleta mashine. Aliketi sebuleni, akasalimia, akauliza maswali, akatazama. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka wa 1967.

Aliona kwamba mtoto anayeanza kutambaa humwacha mama akaenda kuchungulia vitu, kisha hurudi kumgusa, halafu huyo anakwenda tena. Mama ni kama boma. Mtoto anathubutu kutoka kwa sababu anajua pa kurudi papo. Mama akiondoka wengi wa watoto hao hulia, na akirudi humkimbilia na kutulia. Kundi la pili lilikuwa la watoto waliolia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Na kundi la tatu, wachache, hawakuonyesha tofauti kati ya mama na mtu mwingine yeyote. Hawa walikuwa wamezoea kuachwa peke yao kwa muda mrefu, na kilio chao hakikujibiwa upesi.

Je, ni nini kilichotenganisha makundi hayo? Hapa tunaomba msome polepole. Haikuwa idadi ya walezi. Mtoto aliyeshikwa na mama, shangazi na nyanya hakuwa na hasara kwa sababu hiyo. Muda ambao mama mwenyewe alimtunza ulikuwa na uzito, na kama alifurahia kunyonyesha. Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo huenda msingelitarajia. Mama aliyeweza kumweleza mgeni habari za mtoto wake kwa undani, anapenda nini, juzi amejifunza nini, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi, mtoto wake mara nyingi alikuwa katika lile kundi lililotulia. Yule ambaye kila akiulizwa juu ya mtoto alikimbilia habari nyingine, mara nyingi mtoto wake alikuwa na wasiwasi.

Kumjua mtoto kunaonekana kwa kumsimulia. Kipimo hiki hakihitaji daktari, hata mwanakikundi asiyejua kusoma anaweza kukitumia, na tutakirudia tukifika kwa bebi kea.

Kwanza neno juu ya mtoto mkimya. Katika ploti zetu mtoto asiyelia husifiwa sana, ati huyu ni mpole, hasumbui. Wengine kweli ni wapole na wamemzoea mlezi wao. Lakini kuna ukimya wa mtoto aliyekata tamaa: haliii mama akiondoka, hashangilii akirudi, anamfuata mgeni yeyote, anakaa mahali alipowekwa akitazama ukuta. Na kuna ukimya wa dawa ya kikohozi, ambayo walezi wengine huwapa watoto ili walale mchana kutwa. Huo ni hatari ya maisha, usifichwe kwa sababu ya ujirani. Mtoto anayekulilia asubuhi akikushika kanga hakusumbui. Anakuambia anakujua.

Embu na Kokwet

Tusidhani ni mapenzi tu, na akili zitakuja zenyewe shuleni. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe waliwafuata watoto wadogo huko Embu. Chakula kilikuwa na maana kubwa, kama mlivyotarajia. Lakini pia waliona kwamba watoto waliozungumziwa mara kwa mara, na ambao sauti zao zilijibiwa, walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili walipokaribia miaka miwili na nusu. Kuzungumziwa hakugharimu kitu. Mama anamenya viazi na anamwambia mtoto: naona unataka kisu, hiki kitakukata, chukua kijiko.

Na kule Kokwet, kwa Wakipsigis, mtafiti Charles Super aliona katika miaka ya 1970 kwamba watoto waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Wengine walikuwa wamezoea kusema ni damu ya Kiafrika. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia vile. Kumbe wazazi wa Kokwet waliwafundisha watoto kuketi na kutembea kwa makusudi, kila siku, na kutambaa hawakukufundisha. Kinachofanyizwa mazoezi ndicho kinachokua. Basi jiulizeni mtoto anayeshinda amefungwa kwenye kiti mbele ya televisheni anafanyizwa mazoezi ya nini.

Mpaka utu uzima

Daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda, wa Marekani, walitoa mwaka wa 1998 matokeo ya kuwauliza zaidi ya watu wazima 9,000 yaliyowapata utotoni: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mengine kama hayo. Waliopatwa na aina nne au zaidi walikuwa katika hatari mara nne hadi kumi na mbili ya ulevi, madawa ya kulevya, huzuni nzito na kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakupatwa na hata moja. Hao walikuwa watu wenye kazi na bima, siyo watu wa barabarani. Mnapomwona jirani analala kwenye mtaro kila Jumamosi na watu wanamcheka, kumbukeni kwamba huenda habari yake ilianza kabla hajajua kuongea.

Hapa tunagusa na fimbo, maana tukiinyamazia mtatuuliza. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda mtoto na kila aina ya ukatili. Wazazi wengi bado wanasema: sisi tulipigwa na tukawa watu. Wengine tukawa, ndiyo. Lakini mtoto wa miaka miwili akipigwa kwa sababu ya kulia, hawezi kuelewa kosa lake ni nini. Anachoelewa ni kwamba yule aliyemkimbilia ndiye anayemuumiza, na sasa hajui akimbilie wapi. Kuonya mtoto ni kazi ya mzazi. Kumtia hofu ya mzazi mwenyewe ni jambo lingine.

Sasa kuna mama atakayesoma hapa na roho ikamshuka: basi wangu ameshaharibika. La, mama. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa 1955, hadi utu uzima. Karibu theluthi moja walizaliwa katika shida nyingi pamoja: umaskini, ugomvi, ulevi au ugonjwa wa akili nyumbani. Hata hivyo, kati ya hao wa shida, mmoja kwa kila watatu alikua mtu mzima wa kutegemewa. Jambo moja lililoonekana kwao ni kwamba tangu utotoni walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao, mara nyingine nyanya, shangazi, mwalimu au jirani. Tena huko Rumania, watoto waliotolewa kwenye nyumba za mayatima wakapelekwa kwa familia waliendelea vizuri, hasa waliotolewa kabla ya kufika miaka miwili. Mlango haufungwi ghafla, lakini kadiri unavyochelewa unakuwa mzito kusukuma.

Kikundi na bebi kea

Basi tuje kwa hesabu, maana upendo usio na hesabu hauendi mbali. Kwa nini mwanamke mmoja anachukua watoto ishirini? Tuseme kila mtoto hulipa shilingi 100 kwa siku. Ishirini ni shilingi 2,000, na hapo atoe kodi ya chumba, makaa, maji na unga wa uji. Akichukua wanne tu anapata 400 na hawezi kuishi. Kwa hiyo kumgombeza hakutasaidia. Yeye mwenyewe ni mama anayetafuta.

Hebu tufikirie kikundi chenye akiba. Mwaka huu, kabla ya kununua viti vingine vya plastiki vya kukodisha, kikundi kingeweza kulipa kodi ya chumba kimoja chenye dirisha na ua. Watoto 12 kwa shilingi 100 ni 1,200. Walezi wawili kwa 450 kila mmoja ni 900. Zinabaki 300 za uji na maji. Watoto sita kwa mlezi mmoja bado ni wengi, hasa wakiwa wachanga, na tungependa wanachama wasio na kibarua siku hiyo waje kwa zamu kushika mikono. Lakini sita si ishirini. Mlezi asibadilishwe ovyo, na kila mtoto awe na mlezi wake, yule yule wa kumpokea asubuhi na kumlisha. Kama bebi kea ya jirani inajitahidi, ni afadhali kikundi kimsaidie huyo mama kuliko kumfungulia mpinzani.

Sheria pia iko upande wenu. Jedwali la nne la Katiba limeweka elimu ya chekechea na mahali pa kulea watoto mikononi mwa serikali ya kaunti. Mkiitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, nendeni na ombi hilo limeandikwa, maana wengi huenda kuomba barabara tu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Wanaofanya kazi viwandani waulize mahali hapo ni wapi.

Na msimsahau mama mwenyewe. Mama aliyejifungua juzi akiwa na njaa, deni na mume asiyerudi, anaweza kumtazama mtoto wake kama anatazama jiwe. Si roho mbaya, ni mzigo umemzidi. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu ampeleke kliniki, kisha mchotee maji, mpikie, mshikieni mtoto alale saa mbili. Baba naye anaweza. Hatujasikia mtoto aliyekataa kubebwa kwa sababu mikono ni ya mwanaume.

Kazi ya mwezi huu

Wanachama wawili, mmoja awe mzee, watembelee mahali ambapo watoto wa kikundi wanaachwa. Wasiende kama polisi. Wabebe sukari au unga, waketi, wapige hadithi. Halafu wamchague mtoto mmoja na kumwuliza mlezi: huyu anaitwa nani? Anapenda nini? Akiwa na usingizi anafanya nini? Wiki hii amejifunza neno gani? Ni nani humtuliza akiogopa? Jioni wamwulize mama maswali yale yale, na baba pia. Wafungue na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, ukurasa wa hatua za kukua, waone kama kuna jambo mtoto amechelewa nalo, na kama lipo wasingoje, aende kliniki. Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi pamoja na tarehe, na baada ya mwezi mmoja watu wale wale warudi wamwulize mlezi juu ya mtoto yule yule.